Chake Lovrenc

Babu yangu Lovrenc hakuwahi kuiona bahari.
Miaka thelathini na mmoja alishuka shimoni Idrija
na taa, na mkate, na kitunguu kimoja,
akapanda na mikono isiyotulia:
kijiko kikifika mdomoni, supu imeshamwagika mezani.
Kando yake Bibi Polona alisuka lesi,
vijiti vikigongana tak, tak, tak,
hesabu ya uzi ikijibu hesabu ya mtetemo.

Zebaki, alisema, haikamatiki.
Iguse, inakuwa mbili. Ifukuze, inakuwa sita.
Imwage sakafuni, utaikuta mwakani
kwenye ufa wa ubao, inakutazama
kama jicho la samaki.

Mgodi ulifungwa. Alikuja waziri, bendi ikapiga,
lango likatiwa kufuli.
Mto haukualikwa.

Karne kwa karne jiwe jekundu lilichomwa tanurini
na makapi yake yakamwagwa ukingoni:
yachukue wewe, Idrijca, tusiyaone tena.
Naye Idrijca akachukua, mpagazi asiyeuliza ujira,
akamtwika Soča pale wanapokutana,
Soča akavuka mpaka, akabadili jina,
akaitwa Isonzo. Mzigo ni uleule.

Kazi yangu ni kusubiri mvua.
Siku za jua maji ni ya kijani kama chupa,
watalii wanayapiga picha
na kipimo changu kinasinzia.
Lakini Novemba, mlima ukilowa hadi mifupani,
mto hupandwa na hasira za mkizi,
ila hapa hakuna mvuvi wa kupata tijara.
Nasimama darajani Solkan saa tisa ya usiku,
nateremsha chupa kwa kamba,
inapanda imejaa uji wa hudhurungi.
Siku mbili za gharika hubeba
zaidi ya miezi yote ya utulivu.

Kisha ghuba. Hapo mto huchoka.
Maji baridi yakikutana na ya chumvi
hutua alichobeba kila mtu huko juu,
tope likalala juu ya tope.
Ungedhani safari imekwisha.
Kumbe chini kule, pasipo hewa,
vijidudu visivyo na macho vinaipika upya,
vinaivika vazi la kuingilia mwilini,
na kuanzia hapo kila mlaji
anarithi deni la aliyemla:
uduvi, dagaa, mkizi,
na yule mkubwa mzee anayependwa sokoni.

Nerina wa Grado, muuza samaki, alinipa mkasi mwenyewe.
"Kata. Zangu nyeupe, hazina siri."
Halafu akamsukuma mbele mkamwana wake, Ilaria,
mimba ya miezi mitano, midomo ameibana.
Nilikata kishungi nyuma ya sikio
nikakifunga kwa uzi wa lesi wa Bibi,
ndio uliokuwa mfukoni.

Nambari ilirudi Jumanne.
Si ya kutisha. Si ya kupuuza.
Nilimweleza Ilaria nilivyofundishwa:
usiache samaki, chagua samaki,
wadogo, wa umri mfupi.
Alisikiliza hadi mwisho, akauliza moja tu:
"Imetoka wapi?"
Nikaanza: mlima, jiwe, tanuri...
nikaisikia sauti yangu
ikitikisika kama kijiko.

Nerina alikuwa anapara magamba. Hakuinua kichwa.
"Mwambie babu yako aje achukue chake."

Hawezi. Amelazwa juu kule, kwenye mteremko,
na kila mvua kubwa huondoka na udongo kidogo
wa miguuni pake.

Redio inasema kesho, milimita tisini.
Nimepanga chupa ishirini na nne mezani,
nimeziandika tarehe.
Ya mwisho haina kizibo.
Natafuta kizibo.